Kamba ya Kichwani

Murdo MacCorran aliziweka kadi mezani, kati ya chupa ya chai na sinia la mandazi, akatoka nje kupokea simu. Katika yote aliyoyatenda wiki ile, hilo ndilo kosa pekee alilolitenda bila kukusudia.

Nyumba ya Lyse huko St Marys, Australia, ilikuwa imejaa watu tangu mumewe, Ewan, alipoanguka uani akiosha gari na asiinuke tena. Godoro lilikuwa limetandikwa sebuleni, na juu yake alikaa Lyse, miguu ameikunja, kitambaa cheupe kichwani. Wanaume walikaa nje kwenye maegesho, juu ya viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani. Wazee watatu wa chama cha ukoo wa MacCorran walikuwa wamebanana kwenye sofa, kila mmoja na sahani ya wali mapajani, hawajui waweke wapi mifupa.

Jikoni alitawala Faida, Mkongo wa Bukavu, jirani na rafiki wa Lyse. Alipotoka na sufuria ya nyama akaziona zile kadi. Zilikuwa nzuri, nene, zenye ukingo mweusi. Kila moja ilikuwa na namba, na chini ya namba palichorwa mstatili wenye vitone pembeni: kimoja juu, kimoja chini, vitatu kila upande.

"Ona wazungu hawa," Faida aliwaambia wanawake wenzake. "Hata kwa kilio wanapangiana viti vya meza! Kumbe ni vizuri. Watu watakula kwa mpango, si kusukumana kama jana."

Akaanza kugawa. Namba moja alimpa Ineza, binti wa Lyse, kwa sababu mwenye msiba hula kwanza. Namba tatu ilimfikia Vénérand, mzee wa jumuiya ya Warundi, ambaye hakuuliza ni ya nini. Aliipokea, akaishikilia pamoja na sahani na kuomba aongezewe mchuzi. Watu waliketi kwa utaratibu. Kwa mara ya kwanza siku hizo tatu, chakula kiligawiwa bila kelele.

Murdo aliporudi, simu ikiwa bado mkononi, alisimama mlangoni. Alikuwa mdogo wake Ewan na mwenyekiti wa chama cha ukoo, mtu mrefu aliyezoea kusikilizwa. Katika ghala la Smithfield alikosimamia kazi, alisikilizwa na nusu ya wanaume waliokaa maegeshoni.

"Nani amekupa hiyo?" alimuuliza Vénérand kwa Kiingereza.

Vénérand alitazama sahani yake. "Nyama?"

"Kadi!"

Murdo akaeleza, kwa sauti kubwa na maneno ya polepole, kama anayezungumza na watoto walio mbali. Kwa Waskoti, alisema, jeneza halishushwi kwa mashine wala na watu wa kukodi. Linashushwa na jamaa wa marehemu, kwa kamba. Kila kamba ina namba, kila namba ina mtu wake, na mtu hujulishwa kwa kadi. Mstatili ule haukuwa meza. Lilikuwa jeneza.

"Yesu wangu!" Faida alijipiga paji la uso. "Mimi nilizania ni meza! Nimelisha watu juu ya sanduku ya Ewan!"

Mwanamke mmoja alikohoa, mwingine akaziba mdomo kwa kanga, kisha kicheko kikawatoka wote. Lyse mwenyewe alicheka mpaka machozi yakabadilika njia. Ewan angekuwapo, alifikiri, angelisimulia jambo hili mwaka mzima.

Murdo hakucheka. Alipita kwa mtu mmoja mmoja akinyoosha mkono. Kadi ya Vénérand ilikuwa na doa la mafuta. Aliifuta kwa karatasi, akaitazama, akaifuta tena. Vénérand alibaki ameshikilia sahani kwa mikono miwili, macho chini. Kijiko chake kilianguka na hakuna aliyekiokota.

Murdo alifika kwa Ineza. "Namba moja," alisema. "Hiyo ni ya kichwani. Niipe."

Ineza alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliletwa Australia angali mdogo wa kubebwa mgongoni, na tangu aanze shule alikuwa akikielewa Kiswahili cha mama yake na kukijibu kwa Kiingereza. Hakuwahi kumjua baba mwingine zaidi ya Ewan.

"Najua ni ya kichwani," alijibu kwa Kiingereza. "Baba alinionyesha siku tulipomzika bibi. Alisema ya kichwani ni ya mtoto wa kwanza."

"Mtoto wa damu. Akikosekana mtoto, ni ndugu wa damu."

"Hajakosekana. Mimi hapa."

"Wewe ni MacCorran kwenye leseni ya udereva," Murdo alisema.

Ineza aliigeuza kadi kifudifudi, akaitia ndani ya Biblia iliyokuwa mapajani pake, akaifunga.

*

Lyse alimkuta shemeji yake maegeshoni, karibu na gari la Ewan. Nusu ya gari ilikuwa safi, nusu bado ina vumbi. Hakuna aliyethubutu kuimalizia.

"Shemeji," alisema, kwa kuwa hakumwita kwa jina jingine. Mengine yote aliyasema kwa Kiingereza. "Umemwaibisha mtoto wangu mbele ya watu, siku ya msiba wa baba yake."

"Sikutaka kumwaibisha. Nataka kumzika kaka yangu." Macho ya Murdo yalikuwa mekundu. "Tulimshusha baba yetu sisi wawili, Lyse. Yeye kichwani, mimi miguuni. Tulipotoka makaburini akaniambia, atakayetangulia kati yetu, mwenzake atashika kichwa. Mimi sina mtoto, na yeye hakuwa na mtoto."

"Alikuwa na mtoto."

"Unajua ninachomaanisha."

"Ninajua. Ndiyo maana nimetoka nje, usikisemee ndani tena."

Murdo aliutazama ukuta. "Mpiga zumari ni wa chama. Bendera ni ya chama. Nisiposhika kamba yangu, chama hakitakuja. Ewan aliibeba bendera ile tangu akiwa kijana, na kila mwaka alisema anataka azikwe kwa zumari. Wewe ndiye utakayemnyima."

Aliingia ndani ya gari lake. Kabla hajafunga mlango aliongeza, "Nitasubiri simu yako mpaka kesho."

Ni kweli Ewan alitaka zumari. Hakuwa mtu wa kutaka vitu vingi. Aliendesha basi la jiji, alikunywa chai nyeusi, na siku ya harusi aliingia katika kanisa la Warundi amevaa kilti ya ukoo, ile sketi ya mirabaraba, huku mashangazi wakiulizana kama bwana harusi amesahau suruali nyumbani. Lakini zumari ya mfuko ilipolia, popote ilipolia, alisimama wima kama mtoto aliyeitwa jina. Lyse alijua kwamba Murdo hakubahatisha. Aliuchagua mfupa wenyewe akaupiga hapo.

*

Jumapili baada ya ibada, Vénérand alikuja peke yake. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kofia magotini.

"Mama Ineza, nisikilize kama kaka yako," alianza. "Jana mimi ndiye niliyenyang'anywa kadi kama mwizi wa sokoni. Sikulala. Lakini mwachie yule bwana kamba yake. Ni kamba tu."

"Kama ni kamba tu, mbona yeye hakuiacha?"

"Kwa sababu yeye ndiye anayepanga zamu." Vénérand alishusha sauti. "Mume wa Faida yuko pale ghalani. Gad yuko pale, na mke wake amejifungua juzi. Mimi niko pale. Sisi ni watu wa kuitwa kwa simu, Mama Ineza. Asiyepigiwa simu Jumatatu hana Jumatatu. Anaweza kutukausha bila kutufukuza, na hakuna pa kulalamika."

Hilo Lyse hakuwa amelifikiria.

Vénérand aliona mlango umefunguka kidogo, akausukuma. "Halafu, tuseme ukweli, kwetu mtoto wa kike hagusi kamba ya kaburi. Watu wataongea."

"Kwetu ni wapi, Vénérand?"

"Kwetu. Burundi."

"Mama yangu alifia kambini, Tanzania, siku ya kugawiwa chakula. Wanaume wote walikuwa kwenye foleni ya unga, hata wewe. Tulimfunga katika mkeka, mimi nikashika upande wa kichwa, dada yangu upande wa miguu, tukamshusha. Uliporudi na gunia lako ulinipa pole. Hukuniuliza kama mimi ni wa kike."

Vénérand aliizungusha kofia yake. Faida, aliyekuwa akichagua maharage kwenye kizingiti cha jikoni, hakuweza kujizuia.

"Papa Vénérand, jana ulipata namba tatu ukaongezewa mchuzi mara mbili. Leo umekuwa mwenye mila?"

"Faida, nazungumza na mwenye nyumba."

"Zungumza tu. Lakini usimuweke bwana yangu mudomoni. Yeye amenituma niseme hivi: zamu zikikauka, tutakula hii maharage. Murdo atapanga masanduku yake mwenyewe, aone mugongo wake utasema nini."

Vénérand aliondoka bila kunywa chai. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kukaa miezi bila kuitwa kazini, na aliijua ladha yake.

Ineza alikuwa ameyasikia yote kutoka korido. Alikuja akachuchumaa mbele ya mama yake, akaitoa kadi ndani ya Biblia na kuiweka kwenye godoro.

"Mpe," alisema kwa Kiingereza. "Baba alitaka zumari. Nami sitaki watu wakose kazi kwa sababu yangu. Mimi nitasimama nyuma, haidhuru."

"Inakudhuru?"

"Mama, tafadhali."

"Nimekuuliza swali dogo."

Ineza alikaza midomo. "Ndiyo," alisema hatimaye. "Inaniuma sana."

Lyse aliichukua kadi. Alimkumbuka Ewan asubuhi za baridi, akisonga uji wa shayiri kwenye sufuria nyeusi, na Ineza, hajafikisha hata kimo cha meza, akilia kwamba uji hauna sukari. Waskoti hula uji kwa chumvi, Ewan alimwambia. Kula, binti, huu ndio unga wa jina lako. Hadithi hiyo aliirudia kila mwaka kwenye mkutano wa ukoo, glasi mkononi. Zamani mkuu wa ukoo alikuwa na ardhi kubwa na watu wachache. Akatangaza kwamba mwenye njaa atakayekubali kuitwa MacCorran atapewa gunia la unga wa shayiri. Babu wa babu zao akina Ewan alikuwa mmoja wa wenye njaa hao. Akachukua gunia, akachukua na jina. "Sisi ni MacCorran wa gunia," Ewan alikuwa akimalizia, na ukumbi mzima ukicheka, Murdo akiwamo.

"Nisikilize," Lyse alimwambia binti yake. "Zumari tutaisikia sisi tuliobaki. Kamba ndiyo itakayomshika yeye. Kama ni lazima tukose kimoja, tutakosa kile cha masikio yetu."

"Na kazi za watu?"

"Faida amejibu. Vénérand atajibu mwenyewe."

Alimpigia Murdo papo hapo, mbele ya Ineza na Faida, simu ikiwa kwenye spika. Katika miaka yake yote ya kazi ya kuwaogesha wazee wa watu wengine, Lyse alikuwa amezoea kuanza kila sentensi ya Kiingereza kwa kuomba radhi. Safari hii hakuomba.

"Murdo, kadi ya kichwani hairudi. Ya miguuni ni yako. Ni nafasi uliyoshika kwa baba yako, nayo ina heshima yake. Nyingine wape unaowataka."

"Basi hakuna zumari," sauti ya Murdo ilisema. "Wala bendera."

"Baki nazo."

"Lyse, hili ni suala la damu. Sio la—"

"Babu yenu alipewa jina kwa kula gunia moja la unga. Binti yangu amekula unga wa Ewan kila asubuhi tangu aanze shule, tena wenye chumvi. Hebu niambie ni nani kati yao anayelistahili zaidi."

"Ule ulikuwa utani wa Ewan," Murdo alisema.

"Aliusema kila mwaka mbele yenu wote, na hakuna aliyemkanusha. Mazishi ni Jumanne, saa tano asubuhi. Karatasi za kaburi nimesaini mimi."

Alikata. Faida alipiga vigelegele, kisha akakumbuka kwamba ni msiba, akameza cha mwisho.

*

Jumanne palikuwa na upepo. Makaburi yako upande wa Lidcombe, na treni husikika zikibadili njia. Warundi na Wakongo walifika kwa magari ya kupeana lifti, wamejaa wanne kwenye viti vya watatu. Watu wa chama nao walikuja, lakini wengi wao walibaki barabarani karibu na magari yao, mikono mifukoni, kama watu wanaosubiri kuona nyumba ikiuzwa mnadani. Bendera haikuwapo, wala zumari. Murdo alisimama kati ya makundi hayo mawili, amevaa kilti yake, peke yake.

Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya mbao zilizokingama kaburi, kamba zimekunjwa juu ya kifuniko chote. Msimamizi wa mazishi, mwanamke wa makamo mwenye glovu nyeusi, alianza kuita.

"Namba moja."

Ineza alitoka. Shingoni alikuwa na skafu ya ukoo aliyonunuliwa na Ewan, juu ya gauni jeusi. Alisimama kichwani, akaichukua kamba, akaizungusha mara moja kiganjani kama alivyofundishwa. Kule kwenye magari mtu alisema kitu, na mwingine akamnyamazisha.

"Namba mbili."

Murdo hakusogea. Msimamizi alingoja, kisha akaendelea.

"Namba tatu."

Mwenye kadi hiyo alikuwa mmoja wa wale wa barabarani. Alitazama viatu vyake. Ndipo Vénérand alipotoka katikati ya Warundi. Alivua kofia, akampa Gad aishike. Ilimbidi apite mbele ya Murdo kufika kaburini, naye hakuzunguka. Alipita mbele yake kabisa, taratibu, uso juu, akasimama upande wa kulia na kuikamata kamba.

"Namba tatu ni mimi," alimwambia msimamizi. "Ilikuwa yangu tangu Jumamosi."

Baada ya hapo haikuwa lazima kusukuma mtu. Mzee mmoja wa Kiskoti, wa wale waliobanana kwenye sofa, aliacha gari lake akaja kushika ya nne. Mume wa Faida alishika ya tano. Gad alimpa mtu kofia ya Vénérand, akashika ya sita. Mzee wa pili wa sofa alishika ya saba, akihema kwa mwendo. Ya nane aliishika Faida mwenyewe, mikono yake bado inanuka vitunguu.

Ikabaki ya miguuni.

"Hatuwezi kushusha bila miguu," msimamizi alisema kwa upole. "Litainama."

Lyse alimpa jirani mkoba wake. Hakumtazama Murdo wala kumwita. Aliinua ukingo wa gauni ili asilikanyage, akaanza kwenda kwenye ile kamba. Alikuwa amebakiza hatua chache Murdo alipompita, akaiokota na kuivuta mpaka ikakaza.

Mbao ziliondolewa. Uzito wote wa Ewan uliingia mikononi mwao kwa ghafla, na upande wa miguu ukashuka upesi; Murdo alikuwa ameiachia kamba haraka mno. Jeneza lilianza kuinama. Watu walishtuka.

"Polepole!" Ineza alisema.

Alilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuamrisha, na waliomfahamu waligeuka kumtazama. Lilikuwa neno la Ewan. Alilisema kwenye basi, alilisema jikoni, alilisema akiwa amekaa kando ya Ineza siku za kumfundisha gari. Murdo hakujua Kiswahili, lakini neno hilo alikuwa amelisikia kwa kaka yake miaka yote.

"Polepole, baba mdogo," alirudia, kisha akaendelea kwa Kiingereza: "Mfuate mwenye kichwa. Mnifuate mimi wote."

Murdo alikaza kamba. Jeneza likanyooka. Ineza aliachia kidogo, nao wakaachia kidogo, alisimama, wakasimama. Wanawake walianza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, bila kuambiana, na kelele za treni zikapita juu yake, na wimbo ukawa bado upo. Namna hiyo, kwa mikono ya watu wanane wasiopata kushika kitu kimoja pamoja kabla ya siku ile, Ewan MacCorran alifika chini bila kugonga.

Desturi ni kwamba kamba hutupwa kaburini, na ya kichwani hutupwa mwisho. Saba zilianguka. Wote wakamtazama Ineza. Hakuharakishwa na mtu. Alipokuwa tayari, aliifungua kiganjani, akaiachia.

Langoni, Murdo aliwangoja Lyse na binti yake. Kamba ilikuwa imemwachia alama mkononi.

"Hili halibadilishi utaratibu wa chama," alisema. "Mkutano wa mwezi ujao ni wa wanachama. Sijui watasema nini kuhusu bendera. Sikuahidi chochote, wala sijawaalika."

"Sawa, shemeji," Lyse alisema. "Tutakuja mapema, tusaidie kupanga viti. Faida atapika."

"Kama munatuma kadi," Faida alidakia kutoka nyuma, "safari hii muandike juu yake ni ya nini!"

Mzee wa Kiskoti, aliyekuwa akimuuliza mwenzake kilichosemwa, aliambiwa, akacheka peke yake. Ineza alikuwa tayari ameketi nyuma ya usukani wa gari la baba yake, nusu safi, nusu vumbi, anawasha injini.